Msigawe Zote Desemba Hii

Kwenu mama zetu, kina baba na ndugu mnaoshika vitabu na funguo za vyama vya Kitui na Makueni,

Nawaandikia mapema, kwa maana Desemba ikishaingia kila mtu huwa ameshapigia hesabu fungu lake na hakuna neno jipya linalosikika. Kuanzia Kyuso na Mwingi hadi Mutomo, kuanzia Mbooni hadi Mtito Andei, vikundi vyetu vingi vina desturi moja. Siku chache kabla ya Krismasi kisanduku huwekwa mezani, kufuli hufunguliwa mbele ya wote, pesa huhesabiwa na kugawanywa mpaka shilingi ya mwisho. Januari hununuliwa daftari jipya, na ukurasa wa kwanza huanza na sufuri. Ombi langu ni moja. Msigawe zote. Sehemu ya pesa hizo ibaki, ivuke mwaka, na ivuke miaka mingi, kwa ajili ya wanachama wenu wachanga walio na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni.

Ningeweza kuwaandikia magavana wetu au wakuu wa benki. Nimewachagua nyinyi kwa sababu kijana aliyeoa juzi kule Zombe au Kathonzweni hana mshauri wa fedha, na meneja wa benki hamjui jina. Anawajua nyinyi. Simu anayo, akaunti anayo, mikopo ya simu anayo tele. Utafiti wa FinAccess, ambao Benki Kuu ya Kenya huufanya pamoja na Shirika la Taifa la Takwimu na FSD Kenya, ulionyesha kwamba mwaka 2006 watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 83.7. Huo ni mwendo mkubwa. Lakini wale waliohesabiwa kuwa na afya njema ya kifedha, yaani wanaomudu matumizi ya kila siku, wanaohimili dharura na wanaoweka akiba ya mbele, walishuka kutoka asilimia 39.4 mwaka 2016 hadi 17.1 mwaka 2021. Korona ina lawama yake hapo, lakini si yote. Milango ya kukopa imefunguka upesi sana, ila wa kumshika mkono kijana aweke kitu kwa miaka kumi hajapatikana. Mimi naamini chama kinaweza kuwa huyo.

Tazameni kwanza kalenda yetu, kwa sababu taabu yote imeanzia humo. Ukambani tunategemea mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba. Za Machi hadi Mei hazina ahadi. Ndengu zinazopandwa mvua ya kwanza inaponyesha huvunwa Januari na Februari. Maembe ya Makueni huiva kwa wingi kati ya Desemba na Machi. Kwa hiyo mapato makubwa ya mwaka huja pamoja, kwa watu wote pamoja, na bei huanguka kwa wote pamoja. Na shule hufungua Januari. Kwa viwango vya karo vilivyowekwa mwaka 2015, shule za sekondari za bweni za umma zilizo ghali zaidi hutoza shilingi 53,554 kwa mwaka, na nyingine za bweni 40,535. Nusu nzima hudaiwa muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Maana yake ni kwamba mzazi anadaiwa zaidi ya shilingi 20,000, au karibu 27,000, katika wiki zilezile ambazo ndengu bado ziko shambani au ndiyo kwanza zinapurwa.

Dalali anaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana hufika na mizani yake mapema Januari, na ndiyo maana wapo wanaonunua maembe yakiwa bado maua mtini. Mzazi haviuzi vitu hivyo kwa bei hiyo kwa kuwa hajui thamani yake. Anauza kwa kuwa barua ya shule iko mezani. Angekuwa na mahali pa kupata karo ya muhula mmoja kwa riba nafuu, angezitia ndengu zake katika mifuko isiyopitisha hewa, bungua wasizifikie, akangoja miezi mitatu au minne mpaka bei ipande. Faida ya kungoja huko ndiyo ingekuwa akiba ya familia. Kwa sasa inakwenda na lori.

Na chama kiko wapi wakati huo? Kimegawa pesa wiki tatu zilizopita. Fungu la Desemba limekwisha kuwa mbuzi, nguo za watoto, mabati machache na nauli ya kuwarudisha wageni Nairobi. Sidharau sikukuu, watu waliofanya kazi mwaka mzima wana haki ya kula pamoja na watu wao. Lakini mwanachama mwenye watoto wa shule hurudi kwenu katikati ya Januari, mikono mitupu, kuomba mkopo katika kisanduku ambacho ndiyo kwanza kimeanza kujazwa.

Hapa nitasema jambo ambalo halisemwi sana mikutanoni. Vikundi vingi hutoza riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Tumeizoea hata tunaiona ndogo. Mama akikopa shilingi 20,000 za karo Januari, akaweza kulipa riba tu mpaka mwisho wa Juni, atakuwa ametoa shilingi 12,000 na deni lake bado liko pale pale, 20,000. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, ambayo Sacco nyingi hutoza, angetoa 1,200. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na tukalalamika kwamba benki zinanyonya. Sisi kwa sisi tunatozana zaidi. Na ile faida inayofanya mgao wa Desemba uwe mnono inatoka wapi? Inatoka kwa waliokopa. Wanaokopa zaidi ni wenye watoto wadogo, wenye karo, wenye mke aliye karibu kujifungua. Mzee ambaye watoto wake wamekwisha kujitegemea huweka, hakopi, na Desemba huondoka na riba waliyolipa vijana. Hakuna aliyepanga iwe dhuluma, lakini ndivyo hesabu inavyotoka, na nyinyi mnaoshika vitabu mnaweza kuithibitisha kwa jioni moja tu: andikeni nani alilipa riba mwaka huu na nani aliipokea.

Mtaniambia kwamba chama ni cha mwaka mmoja tangu zamani. Si kweli. Chama cha Mkamba ni mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, na mwethya haukuwa wa mwaka mmoja. Makueni ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi 1992, na milima ya Mbooni na Kilungu ilikuwa ikimomonyoka hata wakoloni wakaitangaza kuwa nchi iliyoharibika. Waliwalazimisha watu kuchimba matuta, na watu wakayachukia. Baada ya uhuru watu walewale, kwa vikundi vyao wenyewe, wengi wakiwa wanawake, walichimba matuta ya fanya juu shamba kwa shamba, leo kwa fulani, wiki ijayo kwa mwenzake. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao wa eneo hilo: tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ulikuwa umehifadhika vizuri kuliko zamani. Tuta halilipi mwaka linapochimbwa. Hulipa polepole, na hulipa zaidi kwa mtoto wa aliyelichimba. Kitui nako, tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na vikundi vya wenyeji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga mitoni. Bwawa hungoja mafuriko ya misimu kadhaa kabla halijajaa mchanga wa kutosha kuhifadhi maji. Vikundi vilivyobeba mawe kwa ajili ya maji ambayo yangekuja miaka mitatu baadaye vinashindwaje kushika shilingi kupita Krismasi?

Najua jibu, na ni jibu la haki. Kugawa zote ndiyo njia yetu ya ukaguzi. Pesa zikitoka zote mezani, kila mtu akapata chake, hakuna aliyeibiwa. Pesa zinazolala muda mrefu mahali pasipoonekana huwatia watu hofu, na hofu hiyo ina mizizi. Mwaka 2024 ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano uliokuwa mwavuli wa Sacco za nchi nzima, ulifichua tundu la shilingi bilioni 13.3. Wale walikuwa na wahasibu, ofisi na mihuri. Kwa hiyo simwambii mwanachama wenu aamini tu.

Ninachopendekeza ni kwamba tuutenge ukaguzi na ugawaji. Desemba leteni kila kitu mezani kama kawaida: taslimu, taarifa za benki zilizochapishwa siku ileile, orodha ya mikopo. Someni jina la kila mwanachama na jumla yake yote, kwa sauti, mpaka kila mtu aridhike. Kisha gaweni sehemu, na nyingine irudi. Daftari liwe na kurasa mbili kwa kila mtu, moja ya mwaka, moja ya miaka. Simu ya mweka hazina isiwe mahali pa kukaa akiba hiyo hata usiku mmoja. Iwe katika akaunti ya jina la kikundi, yenye watia sahihi watatu wasio wa nyumba moja, na kila mwanachama apate ujumbe pesa zinapotoka. Kikundi kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ili likitokea la kutokea muwe na mahali pa kusimama kisheria.

Sasa hesabu yenyewe, kwa sababu vijana wengi hudhani akiba ya miaka ni jambo la wenye mishahara. Mume na mke wenye mtoto wa miaka miwili wakiweka shilingi 500 kwa mwezi, mpaka mtoto huyo aingie Gredi ya 10 miaka 13 baadaye, watakuwa wametoa mfukoni 78,000. Zikikaa mahali panapolipa asilimia 8 kwa mwaka, na faida ikiachwa humo izae, zitafika kama 136,000. Kwa viwango vya leo, shule ya bweni ya 40,535 kwa miaka mitatu ni 121,605. Karo zinaweza kupanda, bila shaka, na zikipanda wazazi wataongeza. Lakini watakuwa wanaongeza juu ya kitu. Wakianza mtoto akiwa na miaka 12, zile 500 hazitoshi hata karo ya mwaka mmoja. Kuanza mapema kuna nguvu kuliko kuweka fungu kubwa, na kijana wa miaka 24 ana utajiri huo mmoja ambao mwenye umri wa miaka 50 hana tena.

Ila zisikae kisandukuni. Oktoba 2022 bei za vitu nchini zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6 katika mwaka mmoja. Shilingi iliyolala bila kuzaa ilipungua kimya kimya kwa karibu kiasi hicho. Kikundi cha watu 25 kikitenga 500 kwa kila mmoja hupata 12,500 kwa mwezi, na katika miezi minne kinafika 50,000, ambazo ndizo kima cha chini cha kununua hatifungani za serikali kutoka Benki Kuu. Tangu 2023 ununuzi unafanyika kwa mfumo wa DhowCSD, kwa simu au kompyuta, bila kumlipa mtu wa kati. Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu ilitolewa kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Riba zimeshuka tangu hapo na sitaki mtu afikirie kwamba kiwango kile ni cha kila siku. Hatifungani pia hufunga pesa kwa miaka, kwa hiyo isiwe yote. Nyingine ikae katika hazina za soko la fedha zilizosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambako mnaweza kutoa kwa siku chache. Ikiwa mtu atawaahidi zaidi ya hapo, tena kila wiki, na ofisi yake ni kundi la WhatsApp, mfungieni mlango.

Akiba hiyo isiwe pia gereza. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Ng'ombe walikufa, visima vikakauka, na kumwambia mama asiguse akiba ya mtoto wakati mtoto mwenyewe hana chakula ni ukatili. Wekeni kanuni kabla ya njaa kufika, siyo njaa ikiwa mlangoni: msimu ukikosa, au ugonjwa ukaingia, kila mwenye ukurasa wa miaka aruhusiwe kuchukua sehemu fulani iliyokwisha kuandikwa, na arudishe mvua ikirudi, bila faini. Na katika mfuko huohuo mtoe mikopo ya karo ya Januari kwa asilimia moja au mbili kwa mwezi. Hapo ndipo ndengu zitapata kubaki ghalani.

Kabla ya yote hayo, lipeni bima ya afya. Siku moja ya upasuaji humeza akiba ya miaka sita. Makueni tulizoea MakueniCare, shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka tangu 2016, na wengine bado wanadhani mambo ni yaleyale. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHIF, asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kwa kima cha chini hizo ni 3,600, ambazo kijana wa bodaboda hazipati kwa siku moja, lakini chama kinaweza kumlipia kisha akarudisha kidogo kidogo. Mwanamke mjamzito asifike hospitali ndipo watu waanze kuchangishana.

Nikumbushe pia kuhusu majina. Katika vikundi vingi vya akina mama, mume yuko Nairobi au Mombasa, hutuma pesa kwa M-Pesa na hajui zimeingia wapi. Na kuna waume walio na Sacco zao za mjini ambazo mke hajawahi kuzisikia. Alikeni wanandoa wachanga waje pamoja walau mara moja kwa mwaka, kila mmoja asikie jumla ya nyumba yao. Na katika kila ukurasa wa miaka liandikwe jina la mrithi, pamoja na namba ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Serikali iliunda mamlaka nzima, kwa sheria ya 2011, ya kutunza mali za kifedha zisizodaiwa, kwa sababu wengi hufa bila kumwambia mtu walichoweka. Mjane wa miaka 28 asilazimike kuwabishia mashemeji kwa pesa alizozichangia mwenyewe.

Na si lazima kila akiba iwe shilingi. Ukambani tuna mukau. Mti huu ni wa ardhi yetu kavu, mchwa hawauwezi, mbao zake ni za thamani, na hukomaa kwa miaka 10 hadi 15. Watafiti wa misitu wa KEFRI kule Kitui, wakisaidiwa na Japani, wametumia miaka mingi kuchagua mbegu bora zinazonyooka na kustahimili ukame. Mukau ukipandwa mwaka mtoto anapozaliwa, utakuwa mbao mwaka anapohitaji karo ya sekondari au ya chuo. Maembe ya kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Chama kinachompelekea mzazi kanga na sabuni mtoto anapozaliwa kinaweza pia kupeleka miche 20 na watu wa kuchimba mashimo. Kazi hiyo ndiyo mwethya hasa, na haihitaji benki.

Sijui kila kikundi kitaweza kutenga kiasi gani. Wengine robo, wengine sehemu ya kumi. Mwaka wa kwanza hata sehemu ya kumi inatosha, ili watu waone Desemba inayofuata kwamba ilibaki na ikaongezeka. Ninachowaomba ni kwamba mkutano wa Novemba usiishe bila jambo hili kuandikwa katika ajenda, juu ya bei ya mbuzi na tarehe ya sherehe. Wapeni vijana nafasi ya kuzungumza kwanza. Waulizeni mtoto wao mkubwa ataingia Gredi ya 10 mwaka gani, na mwaka huo uandikwe kando ya jina, katika ukurasa wa miaka, kwa kalamu isiyofutika.

Mimi wenu,
mwanachama na mwandishi wa kumbukumbu,
Makueni